Krisanthemu za Shangazi Yustina

Iko siku moja, mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka mikono yangu hutaka kujificha nyuma ya mgongo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitano, nimerudi kijijini kwa likizo ya katikati ya mwaka, na kwa mikono hii hii ninayoandikia nilizing'oa krisanthemu zote za shangazi yangu Yustina, shina baada ya shina, huku nikiimba.

Nikueleze kwanza shangazi alikuwa nani, usije ukadhani ninalilia maua tu. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu, mjane, akiishi upande wa Muleba, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka barabara iendayo Biharamulo. Shule hakuijua zaidi ya mafundisho ya katekisimu. Mume wake, Anatoli, alikuwa mtunza bustani wa Mzungu mmoja mjini Bukoba. Hizo zilikuwa siku za utawala wa Mwingereza, na wakubwa waliojengewa nyumba karibu na ziwa walipenda kuona mbele ya baraza zao maua ya kwao.

Mwaka mmoja mama wa nyumba ile aliletewa krisanthemu katika vyungu. Kama hujapata kuiona, ni ua lenye petali nyingi zilizosongamana, na zile zilikuwa za manjano iliyokolea, kama ganda la ndizi mbivu. Jani lake limekatwakatwa pembeni na lina harufu chungu kama dawa. Aliyewahi kupita katika shamba la pareto ataitambua mara moja, kwa kuwa mimea hiyo miwili ni ndugu. Zilichanua wiki kadhaa barazani, kisha zikakauka. Mama yule akasema, "Anatoli, tupa. Zimekwisha."

Anatoli akazibeba mpaka jalalani. Lakini alipokipindua chungu cha mwisho aliona, pembeni mwa kijiti kikavu, vichipukizi vitatu vya kijani visivyozidi ukucha. Hakusema neno. Alilifunga shina lile kwa jani la mgomba, na Jumamosi akalileta nyumbani kwa mkewe, akalipanda kwenye kona ya kibanja, yaani shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, mahali ambapo migomba haikuzuia jua. Alipofika nyumbani mwaka uliofuata alikuja na homa, na homa ile haikumwacha. Akazikwa kibanjani, kama ilivyo desturi yetu, hatua chache kutoka kwenye ua lake. Mtoto hawakujaliwa.

Hapo ndipo palipokuwa na uzito wa jambo lenyewe. Kwa desturi ya Wahaya, kibanja cha mwanamume asiye na mtoto humwangukia ndugu yake, na mjane hukaa kwa hisani. Ndugu huyo aliitwa Ta Rwezaura; Ta kwetu ni kama kusema Mzee. Nisimsingizie, hakuwa mtu mbaya. Alimwezekea shangazi nyumba, alimletea samaki kila lori la Bukoba lilipopita. Ila moyo wake ulikuwa kwenye buni, na jicho lake kwenye ile kona yenye jua.

"Shemeji," alimwambia siku moja ya Marehemu Wote, ndugu wakiwa wamezunguka kaburi, "kona hii ingebeba mibuni sita."

"Kona hii ina mwenyewe," shangazi akajibu.

"Mwenyewe amelala."

"Amelala, lakini angali anachanua. Tazama hapo miguuni pako."

Watu wakacheka, naye Ta Rwezaura akacheka pamoja nao. "Basi vema," akasema. "Maadamu ua la kaka yangu lipo, kona ni yake. Siku nitakayokuta majani matupu, nitaleta miche yangu ya buni."

Alisema kwa utani, lakini kwetu neno lililosemwa mbele ya wazee, kando ya kaburi, halibaki kuwa utani.

Shangazi akalitunza ua lile miaka sita. Nikikumbuka namna alivyolitunza najiona sijapata kukutana na profesa aliyemzidi. Hakuna aliyemfundisha. Ua lilitoka nchi ya theluji. Yeye theluji hakuijua hata kwa picha. Alilikalia tu, akalitazama, akaliuliza maswali kwa vidole vyake.

Aligundua kwamba halipendi kusimama majini, akaliinulia tuta. Aligundua kwamba linapochoka kuchanua halifi, bali hushuka chini likapumzika, na kwamba adui yake kwetu si baridi bali ni kyanda, kiangazi chetu cha Juni hadi Agosti, wakati jua linapoipasua ardhi. Basi kila kyanda ilipokaribia aliyakata mabua yaliyokauka, lakini hakuyamaliza. Aliacha urefu wa shubiri moja. Kisha alikwenda rweya, yaani mbuga yetu ya nyasi, akarudi na mzigo kichwani, akatandaza nyasi zile juu ya tuta kama tunavyotandaza chini ya migomba. Kuzunguka kila shina aliacha nafasi ya kiganja ili lisioze, na katika nafasi hiyo alinyunyiza jivu kuzuia mchwa. Maji alimwaga kibuyu kimoja kwa kila shina, mara mbili kwa juma, alfajiri, pole pole, kama anayemnywesha mgonjwa.

Mvua za Septemba zikianza, aliziondoa nyasi kidogo kidogo. Mashina yaliyotanuka aliyagawa: kipande cha katikati kilichokuwa kigumu kama ukuni alikitupa, vile vya pembeni vyenye mizizi michanga alivipanda kwa nafasi ya mkono kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Machipukizi yakifika urefu wa shubiri aliyakata ncha ili yatoe matawi, akajua hata wiki ya kuacha kukata ili maua yamfikie Novemba, Siku ya Marehemu. Shina moja likawa mawili, mawili yakawa manne. Mwaka ninaokusimulia yalikuwa tisa.

Sasa nikuambie juu yangu. Nilikuwa nasoma shule ya wasichana ya misheni karibu na Bukoba, na nilikuwa nimejaa shule kama mtungi uliofurika. Pale bustani ilikuwa na sheria zake: udongo mtupu, uliofagiwa, mistari iliyonyooka, jani kavu lisionekane. Kila Ijumaa tulikaguliwa. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wa bustani, na kila nilichokiona kijijini nilikipima kwa ukaguzi ule wa Ijumaa. Hata namna bibi yangu alivyokunja mkeka niliisahihisha. Mungu anisamehe.

Likizo ile shangazi aliletewa habari kwamba rafiki yake wa ujana, aliyeolewa Ngenge, yu mahututi. Akafunga vitu vyake asubuhi ile ile.

"Kaa na nyumba, bojo," akaniambia. Bojo kwetu ni neno la kumbembeleza mtu umpendaye. "Mbuzi uwape maji. Na watoto hawa wa Anatoli nao, kibuyu kibuyu, Jumatano na Jumamosi."

Nikaitikia, lakini masikio yangu yalikuwa mbali.

Alipoondoka nikaitazama ile kona. Niliona nini? Vijiti tisa vya kahawia vimesimama kama mabaki ya ufagio. Nyasi zilizofifia zimetapakaa. Jivu. Nikamwona mkaguzi wetu akitikisa kichwa. Nikajiambia: shangazi amezeeka, anamwagilia kuni. Nikamhurumia, mwanangu! Huruma ya mjinga ni jambo la kuogopwa. Nikakusanya nyasi zote, nikazirundika nyuma ya nyumba. Nikashika kijiti cha kwanza, kikatoka kwa urahisi, kwa kuwa mizizi ya ua hili haiendi chini sana. Nikashika cha pili. Nilipomaliza nikapalilia, nikafagia, nikapanga mawe pembeni kwa mstari ulionyooka mno. Kisha nikaketi kizingitini, nikafurahia kazi yangu kwa siku kumi na moja.

Shangazi alirudi mchana, vumbi la Ngenge likiwa limempanda hadi magotini. Nilipiga magoti kumsalimu, akaniwekea mkono kichwani, na mkono ule ukiwa bado kichwani mwangu nikahisi umekuwa mzito.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

"Hakuna, shangazi. Nimekusafishia."

"Umesafisha nini?"

"Vile vijiti. Vilikuwa vimekufa."

"Vilikuambia vimekufa?"

Akaondoa mkono, akatembea mpaka kwenye tuta lililofagiwa, akalisimamia. Nilingoja anipige, ningefarijika. Badala yake akauliza kwa sauti ndogo sana, "Umevichoma?"

"Sijavichoma. Viko kwenye rundo, nyuma."

Akaenda. Nikamfuata. Alipiga magoti, bado amevaa nguo za safari, akaanza kuzichambua nyasi kama mtu anayetafuta sindano. Akapata shina moja, akalikwaruza kwa ukucha: kavu. La pili: kavu. La nne likavunjika mkononi kama biskuti. Yale yaliyokuwa juu ya rundo jua lilikuwa limeyamaliza. Ya chini kabisa, ambako nyasi zilikuwa zimebaki na unyevu kidogo, yalikuwa mawili. Alipokwaruza la kwanza akanishika kidole changu, akakiweka pale.

"Unaona nini?"

Palikuwa na uzi wa kijani, mwembamba kuliko unywele, ukizunguka chini ya gome.

"Kijani, shangazi."

"Ndiyo. Huyo uliyemfagia."

Hapo nikalia. Naye, badala ya kunibembeleza, akanivuta mpaka kwenye mgomba wa karibu, ambao mkungu wake ulikuwa umeshakatwa.

"Huyu mama amezaa, amekatwa. Utamng'oa na shina lake?"

"Hapana, shangazi."

"Kwa nini?"

"Kuna chipukizi pembeni."

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna. Ninajua tu."

"Unajua kwa sababu wewe ni mtoto wa kibanja. Tangu ukitambaa umeona mama akianguka na mtoto akisimama. Sasa niambie, ua hili limefanya tofauti gani? Au kwa kuwa lilitoka kwa Mzungu ulifikiri akili ya nyumbani hailifai, likakosa hata mtu wa kulitazama chini?"

Mwanangu, nimekaa mbele ya walimu wengi tangu siku ile, lakini sijapata kuulizwa swali lililonivua nguo zote za majivuno kwa mara moja namna hiyo. Usiache mbachao kwa msala upitao, hunena wazee. Mimi mbachao wangu nilikuwa nimeufagia kabisa.

Tuliyapanda tena yale mashina mawili jioni ile, katika tuta, nyasi juu, jivu pembeni. Ta Rwezaura akapita akituangalia kutoka njiani, mikono nyuma.

"Yustina, sasa unazika vijiti?"

"Shemeji," akajibu bila kuinua kichwa, "mihogo unayokula ulipanda nini?"

"Mihogo inaliwa. Mimi nitangoja Novemba."

"Ngoja. Kungoja hakuna kodi."

Alicheka akaenda zake, naye shangazi akaendelea kushindilia udongo. Hakumwambia kwamba ni mimi. Hakumwambia siku ile, wala baadaye, wala hakumwambia baba yangu. Hilo nalo nililibeba.

Siku zangu zilizobaki za likizo nilishuka bondeni kuteka maji kila alfajiri ya Jumatano na Jumamosi, nikapandisha kibuyu mpaka kwenye tuta. Shina la pili lilishindwa. Siku moja nililikuta jeusi, laini, limeondoka. Likabaki moja. Nilirudi shuleni nikiwa sijaona jani hata moja juu ya ardhi.

Siku ya Marehemu ilinikuta darasani. Baba alipokuja kunitembelea na mkungu wa ndizi alinisimulia. Shina lilikuwa limechipua, alisema, matawi manne mazuri ya kijani. Ua, hata kitumba, hakuna. Shangazi alisali kaburini mikono mitupu mbele ya ukoo mzima. Ta Rwezaura aliyatazama majani, akasema bila ukali, "Shemeji, nimeshika neno langu miaka sita. Nawe lishike hilo hilo. Wiki ya kabla ya Krismasi, mvua ikiwa bado ipo, nitaleta miche." Shangazi akainama kwa heshima, akasema, "Neno ni neno, waitu," akimwita kwa neno letu la heshima. Hakubishana. Baba alishangaa. Alijiuliza kwa nini mwaka ule maua yalichelewa. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Nilifika nyumbani kwa Krismasi, nikakimbia kutoka barabarani, mzigo kichwani. Shangazi alikuwa amechuchumaa kwenye tuta.

"Njoo uone, bojo," akasema. "Usiguse."

Palikuwa na vitumba vitano, vimefumbwa kama ngumi za kichanga. Kimoja kilionyesha mstari wa manjano usiozidi uzi.

"Vitafunguka lini?"

"Vyenyewe vinajua."

"Na Ta Rwezaura?"

"Yeye anajua Alhamisi."

Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Usiniulize nilisali rozari ngapi. Nilitaka kuvifungua kwa vidole. Nilimwomba shangazi amwage maji ya moto kidogo karibu na shina ili vipate joto, akaniangalia mpaka nikaona haya. "Ulivinyima muda mara moja," akasema. "Usivinyime mara ya pili." Kisha akaniambia jambo ambalo sikulitegemea: "Na visipofunguka, atapanda buni yake, nami nitamsaidia kuchimba mashimo. Hili shina nitalihamishia mlangoni kwangu. Anatoli halali kwenye kona. Lakini nisingependa."

Katika maneno yale mawili ya mwisho nilisikia miaka sita ya kibuyu na alfajiri.

Alhamisi ikafika. Ta Rwezaura alikuja asubuhi, jembe begani, miche sita ya buni imefungwa kwenye jani la mgomba. Alisalimu, akaweka jembe chini, akageukia kona. Akasimama.

Ua lilikuwa moja tu. Lilikuwa dogo, tena limepinda upande, kwa kuwa tawi lake lilikuwa jembamba. Lile la miaka iliyopita lingelionea aibu. Lakini lilikuwa wazi kabisa, na manjano yake yalikuwa yale yale.

Mzee yule alilitazama muda mrefu. Akavua kofia yake, nafikiri bila kujua kwamba ameivua. Kisha akacheka kidogo puani.

"Kaka amekataa kuhama," akasema.

"Amekataa, waitu," shangazi akajibu.

"Na alikuwa hivyo tangu utoto. Ukimwambia toka, anakaa." Akainua jembe lake. "Haya. Ile sehemu ya nyuma, karibu na zizi, ina jua la kutosha?"

"Lipo la mchana. Nitakuonyesha."

Wakaenda kupanda buni nyuma ya zizi, wazee wawili, nami nikabaki na ua lile. Baadaye nikamwendea Ta Rwezaura huko nyuma ya zizi, nikapiga magoti, nikamwambia ni nani aliyeyang'oa yale mashina tisa. Alinitazama, kisha akamgeukia shangazi. "Na wewe ulinyamaza hata mbele ya ukoo?" akamuuliza. Shangazi akafuta mikono yake. "Mtoto alikuwa bado hajachipua," akasema. "Ungemkanyaga."

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuoni, nilisoma kwenye kitabu kwamba katika nchi za baridi wenye hekima hawazitupi krisanthemu baada ya kuchanua. Huacha mabua yasimame, hufunika mizizi kwa nyasi na majani makavu, hulinda shina lisilale majini, hugawa na kupanda upya majira ya joto yakirudi, wala hawana haraka ya kusema limekufa. Nilikifunga kitabu nikatabasamu. Shangazi Yustina aliyagundua yote hayo kwa kibuyu, kwa jua badala ya theluji. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye aliinama miaka yote ya ujane wake, na kila alichokipata alikigawa. Shina lile moja lilitoa mashina mpaka mlangoni kwa baba yangu, mpaka mlangoni kwa Ta Rwezaura mwenyewe.

Basi nasaha yangu ni hii, mwanangu, nami naisema waziwazi ili usije ukaitafuta. Ukipanda kitu kinachoishi miaka mingi, usikihukumu kwa msimu mmoja. Kabla ya kung'oa, kwaruza. Tazama chini, pembeni, pale ambapo chipukizi huanzia. Elimu uipate, uipende, lakini isikufanye uone haya akili uliyonyonya kibanjani, kwa kuwa mara nyingi jibu la jambo geni liko kwenye mgomba unaoupita kila siku. Ukikosea, rudisha mizizi ardhini siku ile ile, kisha beba maji. Na ukiona mdogo wako amekosea, mfunike kwanza. Kumkemea kutakuwa na wakati wake, na kumkanyaga kusiwe na wakati wowote.

Mungu akupe mikono yenye subira, mwanangu, na jicho lisilo na haraka. Siku utakapoonekana umekauka machoni pa watu, akupatie mmoja atakayekuwekea nyasi na kukungoja. Na ukichanua, hata kama ni ua moja lililopinda, lichanue mahali ambapo mtu alikuwa akilihitaji. Amina.